Skrubu ya nyonga si mwisho wa matibabu

Sisi walimu wa mwambao huu, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, tunawaona darasani: mtoto wa miaka kati ya 10 na 16 anachechemea, mguu umegeukia nje, na akiulizwa anashika goti. Nyumbani huchuliwa kwa mafuta, au huambiwa anakwepa kazi za shamba.

Kumbe ugonjwa unaweza kuwa nyongani. Katika umri huo wa kubalehe, sehemu laini ya mfupa wa paja inayokua, chini kidogo ya kichwa chake, huweza kuelemewa na kichwa hicho kikateleza. Maumivu husikika gotini, na picha ya goti hutoka safi. Mzazi aombe nyonga zote mbili zipigwe eksirei. Mtoto asiyeweza kabisa kukanyaga asipakiwe kwenye baiskeli. Abebwe amelala, siku hiyo hiyo. Kwake hatari ni kubwa zaidi, kwani mishipa inayolisha kichwa hicho ikikosa kupitisha damu, mfupa hufa.

Wengi wetu hukosea baada ya hapo. Mtoto akishatiwa skrubu, familia humshukuru Mungu na kurudi kwenye biashara ya dagaa na mawese. Lakini mfupa unaokufa haujionyeshi haraka. Eksirei huweza kuonekana nzuri kwa miezi kadhaa, kisha kichwa kikabonyea. Kwa hiyo picha zirudiwe kila baada ya miezi michache, hasa katika miaka miwili ya kwanza, na mtoto afuatiliwe hadi amalize kukua. Maumivu ya kinena yakirudi, au mguu ukikataa kugeukia ndani, asisubiri tarehe ya kliniki. Akiwahi, daktari anaweza kumpunguzia uzito mguuni na kuondoa skrubu iliyochomoza ndani ya kiungo. Akichelewa, kiungo husagika.

Tuliosomea ukimbizini tunajua thamani ya karatasi mpakani. Picha za mwanzo zitunzwe, na anayevuka kwenda kutibiwa Kigoma avuke nazo, kwa sababu daktari hulinganisha ya jana na ya leo.

Serikali nayo ina la kufanya. Mwaka 2006 ilifuta malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano, hatua iliyostahili pongezi. Lakini nyonga hizi huteleza msamaha huo ukiwa umekwisha zamani. Tunaiomba Wizara ya Afya iwaondolee watoto hawa angalau gharama ya picha za marudio. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.