Nani Atakuzika?

Huku kwetu mlimani, kuanzia Machame mpaka Rombo, mtu akiacha kwenda kanisani ni nadra kuulizwa kwa nini. Anaulizwa: "Sasa wewe, ukifa, nani atakuzika?" Swali hilo linatoka kwa mama yake, kwa mzee wa kanisa, kwa wajomba wanaokunywa mbege, hata kwa wale ambao wao wenyewe mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa Krismasi, walipopanda na magari yao kutoka Dar es Salaam. Nimelisikia mno. Leo nalijibu, na watakaonuna wanune.

Msomaji wa Lindi au Tabora huenda asione uzito wake. Mchaga huzikwa kihambani, kwenye migomba ya baba yake, hata kama amefia Mwanza. Maiti inasafirishwa, ukoo unachanga. Mazishi ya kihambani yasiyo na mchungaji wala paroko, bila kwaya, ni aibu ambayo watoto wanairithi pamoja na migomba. Kwa hiyo mtu akikuuliza nani atakuzika, habari za mbinguni hazimo hapo. Anakutisha. Anakuambia nyamaza, rudi kwenye benchi, tutakuzika vizuri. Na wengi wanarudi. Wanatoa ahadi yao kwenye bahasha, jina linabaki kwenye kitabu cha usharika, ila rohoni hawamo. Kanisa limepata nini hapo? Limepata mteja wa mazishi!

Nisieleweke vibaya. Mimi ni Mlutheri, naimba sauti ya tatu, na sina mpango wa kuhama. Elimu yangu ni ya kidato cha nne na theolojia siijui. Lakini ninaandika riwaya (huu ni mwaka wa tatu, msicheke), na mmoja wa wahusika wangu ni mwanamume wa Uru aliyeacha misa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtunga ukiwa umekaa chumbani. Nikaanza kuwatembelea walioondoka, nikiwa na daftari tu.

Nilikutana na mama mmoja aliyepata mimba akiwa msichana. Akatengwa. Baadaye akaitwa asimame mbele ya usharika mzima, atubu, arudishwe kundini. Alisimama. Kijana aliyempa mimba alikuwa amekaa na wanakwaya, na jina lake halikutajwa. Mama huyu alirudishwa kundini kweli, akapokelewa kwa wimbo, na baada ya wiki chache hakuonekana tena. Mtaani kwao wanasema alishindwa wokovu. Yeye mwenyewe alinieleza hesabu: dhambi ya watu wawili, aliyesimama mmoja. Nilikaa naye mchana kutwa akimenya ndizi, na hakutukana kanisa hata mara moja. Aliniuliza tu kama yule bwana bado anaimba. Nikamwambia anaimba.

Mwingine ni mzee ambaye zamani alikuwa anasoma masomo ya Jumapili. Hana ugomvi na mtu yeyote. Anasema imani ilimtoka polepole, na siku alipoitafuta hakuikuta. Kijana wa tatu amekwenda kwa walokole mjini, ameacha pombe, na baba yake anamwita muasi. Wakati alipokuwa analala mitaroni hakuna aliyemwita hivyo.

Wote watatu niliwauliza kama kuna mtu kutoka kanisani kwao aliyewahi kwenda kuwasikiliza. Walicheka. Kutembelewa wametembelewa sana. Wageni wanakuja wanne au watano, Biblia imeshafunguliwa Luka 15. Wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai, wanaondoka wakiwa wamemaliza kazi. Mwenye nyumba amesema "karibuni" na "asanteni".

Na hiyo Luka 15 tuisome vizuri basi. Baba wa mwana mpotevu aliombwa urithi na mtoto mdogo, akagawa mali, akamwacha aende. Mbona hakumtisha kwa habari za kaburi?

Tena huku kwetu kusikiliza si jambo geni. Mjerumani Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, alifika Uchagani mwaka 1902 na kwa miaka mingi, mpaka 1938, kazi yake ilikuwa Old Moshi. Alitaka wazee wabatizwe, hilo halifichiki. Lakini alikaa nao, wakiwemo wasiotaka ubatizo, akauliza, akangoja, akaandika. Mwaka 1926 alitoa kitabu kinene cha sheria za Wachaga, na kati ya 1932 na 1938 vitabu vitatu vya mafunzo waliyopewa vijana jandoni. Leo mjukuu anayetaka kujua babu zake walifundishana nini anakwenda kwenye Kijerumani cha mgeni yule. Mmisionari aliweza kumsikiliza asiyeamini kwa miaka. Sisi tunashindwa saa moja kwa ndugu tuliyekaa naye darasa la kipaimara.

Mfano mwingine ni wa jirani zetu Kenya. Machi 1970, Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki lilimwalika Ngũgĩ wa Thiong'o, marehemu sasa, azungumze kwenye Mkutano Mkuu wake Nairobi. Akaanza kwa kuwaambia kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Mbele ya wachungaji! Wakamwacha amalize. Mzee mmoja akasimama kwa hasira, akamkumbusha kwamba hata jina lake, James, ni la Kikristo. Ngũgĩ baadaye aliliacha jina hilo. Mzee yule namheshimu. Alijibu neno alilolisikia, na jibu lake lilimwingia mwenzake mpaka akabadili jina. Huko ndiko kusikilizana, hata kama kuna fimbo hewani.

Najua nitakachoambiwa: ukikaa nao watakuvuta. Jamani, imani inayovunjika kwa habari za mama anayemenya ndizi ilikuwa imeshikwa na nini? Najua pia kwamba wapo walioondoka ambao kazi yao ni kukaa kilabuni na kuwacheka bibi zao wanaosali rozari. Hao siwatetei, heshima ni ya pande zote. Na kanisa lina utaratibu wake wa mazishi, siwezi kulilazimisha. Kubadili dini ni haki ya mtu, imo kwenye Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 19. Lakini Katiba haiwezi kumtuma mzee wa kanisa akakae kwenye kigoda cha mtu na kumwuliza, "Ilikuwaje?", kisha afunge mdomo mpaka chai ipoe.

Nani atakuzika? Kaburi kwetu linachimbwa na vijana wa mtaa. Mchungaji hashiki jembe, na paroko pia. Mama yule nimemwambia majembe tunayo, na mimi nitakuwepo. Mnaokwenda kumtembelea Jumapili hii, Biblia iacheni kwenye mkoba kwanza. Mwulizeni habari za ile siku aliyosimama peke yake.