Ndege Wetu Anaitwa Chozi

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi vijana wenzangu mnaoandika usiku kwenye madaftari ya shule, leo sina hadithi. Leo nina ugomvi. Nimeubeba miezi kadhaa, umenikosesha usingizi, na umenikosesha shilingi 480,000 taslimu. Naomba niutue hapa.

Mimi ni mkazi wa Maisaka, Babati mjini, mkoa wa Manyara. Kazi yangu inawachekesha sana washikaji wa kijiweni: natengeneza chupa za kunyweshea ndege. Chupa za bia sizipati kirahisi kwa sababu zinarudi kwenye kreti, lakini za pombe kali na za mvinyo zinatupwa tu nyuma ya mabaa. Hizo ndizo shamba langu. Naziokota, naziloweka, nazisugua mpaka zinang'aa.

Chupa moja naiacha nzima. Ya pili naikata kitako. Nafunga uzi wa pamba uliolowekwa mafuta ya taa, nauwasha, na moto ukishazunguka naitumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji baridi. Paa! Siku ya bahati inakatika kama imepigiwa rula. Siku ya mkosi nabaki na vigae na kidole kinachovuja damu. Kingo nazisugua kwa msasa huku nikizimwagia maji, maana vumbi la kioo si la kuvuta kifuani. Kisha ile chupa nzima naijaza maji ya sukari, naigeuza kichwa chini juu ya kile kitako, nafunga waya wa nondo, kazi imekwisha. Mfugaji yeyote anaujua ujanja huu, ndio ule ule wa chombo cha kunyweshea vifaranga. Ndege akinywa kidogo, yanashuka kidogo.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye duka la vinyago na vitu vya watalii kando ya barabara ya Arusha. Alinionyesha picha kwenye simu, chombo cha Wamarekani cha kunyweshea ndege wao anayeitwa hummingbird. "Dogo, nitengenezee kama hivi, usibadilishe kitu." Nikatengeneza vinane. Yeye akavibandika karatasi za Kiingereza zinazosema ni vya hummingbird, zimetengenezwa kwa mikono Tanzania. Vikanunuliwa. Nikalipwa. Nikajiona nimetoboa.

Siku moja nimepeleka mzigo, akaingia dereva wa watalii. Akaokota kimoja, akasoma karatasi, akaniangalia.

"Dogo, huyu ndege umewahi kumwona?"

"Mbona wapo wengi tu, kaka? Wamejaa kwenye migomba ya mama."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Huyu yuko Amerika tu! Kuanzia Alaska mpaka mwisho kabisa wa Amerika ya Kusini. Afrika nzima hana hata kiota kimoja." Akafuta machozi, akauliza tena, safari hii bila kucheka. "Na huyo wa kwenye migomba ya mama yako, jina lake nani?"

Wasomaji wapenzi, nilikaa kimya. Nimezaliwa Maisaka. Ndege yule nimemwona tangu nikiwa natambaa. Nilikuwa namwita "kale kandege". Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza ndizi aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni lake. "Si chozi huyo?" akasema, kama mtu anayeulizwa jina la mwanawe.

Chozi! Nilikuwa nauza jina la ndege wa watu huku jina la ndege wetu silijui. Aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Nikaanza kuuliza na kusoma. Nikajua kwamba chozi na hamingibadi (sisi kijiweni ndivyo tunavyomwita siku hizi) si ndugu hata kidogo. Kila mmoja amepata mdomo mrefu kwa njia yake, kwa sababu asali ya maua iko ndani kule Amerika na iko ndani huku pia. Chozi wako Afrika, Asia, mpaka Australia, na aina zao ni zaidi ya mia moja. Yule wa kwetu mwenye kifua chekundu kama kaa la moto, na utosi wa kijani unaowaka juani, huyo ni dume. Jike ni wa rangi ya udongo. Wanakunywa asali ya maua ya migomba na ya shubiri, wanakula pia wadudu na buibui, na makinda yao wanayakuza kwa wadudu hao.

Sasa sikilizeni jambo lililonichoma zaidi. Hamingibadi ananing'inia hewani, mabawa yanakwenda kasi mpaka yanavuma, na ananywa hivyo hivyo bila kukanyaga kitu. Chozi anaweza kujaribu kidogo tu. Yeye ni ndege wa kutua. Anataka tawi ashike, ndipo ainame anywe. Ile picha ya Wamarekani haikuwa na mahali pa kutua! Ndiyo maana chupa niliyotundika kwetu kwa majaribio ilikaa wiki mbili. Chozi anakuja, anapapatika, anakwenda zake. Mimi nikasema ndege wa Maisaka washamba, hawajui vitu vizuri.

Nikafunga kijiti cha urefu wa kidole mbele ya kitako. Kijiti tu, cha bure, cha mti wa uani. Kesho yake asubuhi dume alikuwa amekaa pale anakunywa kama mteja wa mama ntilie.

Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba jina ni jina tu. Jina la uongo lilinifanya nitengeneze kitu kibovu. Kwa kuwa nilimwita hamingibadi, nilimtengenezea hamingibadi, na aliyekuja kunywa alikuwa mtu mwingine.

Baada ya hapo yule bwana wa duka akaleta oda ya nguvu: vyombo 40, kila kimoja shilingi 12,000. Nikamwambia, "Bosi, nitatengeneza vyote, lakini viwe na kijiti, na karatasi iandikwe chozi." Kijiti alikikubali. Karatasi akaikataa katakata.

"Dogo, nani atanunua kitu kinachoitwa chozi? Chozi ni la msiba. Mtalii ametoka kwao kutafuta raha, wewe unamuuzia kilio?"

Nikamwambia tuandike kwa Kiingereza basi, jina wanalomwita chozi wenyewe Waingereza, wanalo, lina jua ndani yake, zuri kabisa. Akasema watu wanaokuja dukani kwake wanatafuta lile la kwanza, ndilo wanalolijua, na biashara ni biashara. Nikasema hapana. Oda ikaenda. Mama alinuna siku tatu. Kodi ya chumba niliilipa kwa kubeba matofali.

Najua mtakachosema, kwa sababu kijiweni wameshakisema. Kwanza, eti njaa haina kamusi. Ni kweli, nami sitamhukumu mwenye watoto anaobandika karatasi yoyote apate unga. Lakini tuambiane ukweli: aliyeng'ang'ania lile jina hakuwa na njaa. Mwenye njaa nilikuwa mimi.

Pili, eti jina la Kiswahili haliuziki. Hili ndilo linalonipandisha pressa! Hao watalii wamekuja kufanya nini huku? Wamekuja safari. Neno letu hilo, wanalitamka tangu wako kwao, na hakuna aliyewatafsiria. Mwangalieni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao wa masonite. Vitu vya bei chee, kama chupa zangu. Aliwauzia wageni kule Oysterbay, tena aliwachorea wanyama, ndege na yote waliyoyataka. Alifariki mwaka 1972. Leo duniani kote picha za namna ile zinaitwa tingatinga, na Mzungu anajifunza kulitamka. Na hapa jirani tu, Arusha, kuna karakana inayoyeyusha chupa na kutengeneza mapambo ya kioo, na mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Inaitwa Shanga. Hawakusubiri kupewa jina la Italia ndipo kioo chao king'ae.

Kwa hiyo sigombi na kumuuzia mgeni. Auziwe, tena alipe vizuri! Nagomba na ule usanii wa kumuuzia mgeni kioo cha kujitazama mwenyewe, halafu tukaita ni utamaduni wetu. Mtu ametoka mbali, amepanda ndege saa nyingi, amepita vumbi la Tarangire, tunampa jina la ndege aliyemwacha uani kwake. Yeye tumemnyima chozi. Sisi tumejinyima pia.

Tatu, eti chozi ni neno la huzuni. Haya, tazameni tone la maji ya sukari linavyoning'inia kwenye kingo ya kioo asubuhi, kisha mniambie waliolipa neno hilo kazi mbili walikuwa wajinga.

Sasa nawageukia ninyi, waandishi wenzangu, maana ninyi ndio niliotaka kugombana nao tangu mwanzo. Mwaka jana rafiki yangu, kijana wa hapa hapa, alinipa hadithi yake niisome. Shujaa anaitwa Jack. Jack anaishi ghorofani New York, anakunywa kahawa kwenye kikombe cha karatasi, anaachwa na Jennifer kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi. Mwandishi mwenyewe hajawahi kuvuka Minjingu! Nikamuuliza, mshikaji, mbona Jack hana hata pa kukaa humu? Hakuna kiti, hakuna stuli, anahangaika tu hewani kurasa kumi na nne. Akaniambia ndivyo hadithi za kimataifa zinavyoandikwa.

Huyo naye kanakili chombo kisicho na kijiti.

Na kabla hamjanicheka kwamba nataka kila hadithi iwe na jembe na kibuyu, sitaki hivyo. Mwandike New York mkiijua. Mwandike mapenzi, majini, safari za mwezini. Ila kile kidude kinachopita mbele ya macho yako kila asubuhi, na wewe unakiita "kale kandege", kitafutie jina kwanza. Muulize muuza ndizi, muulize bibi. Jirani yangu bibi wa Kigorowa analo jina lake la ndege huyu kwa lugha yake, nimeliandika kwenye daftari, na bado ananisahihisha ninavyolitamka. Mwandishi asiyeuliza majina atakuwa mbandika karatasi tu, wa maandishi ya mwenye duka.

Hali yangu sasa? Msifikiri nimetajirika kwa haki. Tangu nikatae ile oda nimeuza vyombo 11. Vitatu vimenunuliwa na mwalimu wa shule ya msingi, akavitundika darasani nje ya dirisha. Viwili amechukua yule dereva, bila kuomba punguzo. Kila kimoja kina karatasi niliyoiandika kwa mkono: CHOZI. Chini yake maelekezo: sukari kipimo kimoja, maji vipimo vinne, chemsha, poza, usitie asali, usitie rangi, badilisha na osha kila baada ya siku mbili, maana jua letu linachachusha, na kama una nafasi ya kupanda shubiri, panda, hapo hata chupa yangu hutaihitaji.

Mama anasema hilo la mwisho linafukuza wateja. Huenda ni kweli. Sijalifuta.

Mwenye kutaka kubishana nami, karibu Maisaka. Mchana nipo nyuma ya nyumba, kwenye ndoo ya maji. Njoo na hoja zako, na ukipita baa njiani, niokotee chupa.