MKOBA WA MSAFIRI WA UMRA

Wengi hupenda kwenda Umra katika Ramadhani, na siku hizo viwanja vya ndege hufurika watu. Lakini dhiki nyingi za safari hii huanzia nyumbani, katika kufunga mizigo.

Atokaye Nairobi au Dar es Salaam kwenda Jidda kwa nia ya Umra huipita mikati angali angani. Basi mwanamume aliyezitia shuka za ihramu katika sanduku lililo tumboni mwa ndege atazipataje? Heri azivae tangu nyumbani, na nia ailete ndege ikaribiapo mikati. Manukato, ambayo mwenye ihramu hajipaki, ndiyo yaende sandukuni. Mkobani zikae dawa za wazee, na cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ichanjwayo si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudia.

Nanyi vijana, wazee wenu hawaizoei tikiti iliyo ndani ya simu. Wachapishieni karatasi, na nyuma yake mwaandikie kwa Kiarabu jina la hoteli yao ya Makka.