Mahindi yana cheti cha mpakani, mgonjwa wa saratani hana

Mfanyabiashara mdogo anayefika Gatuna au Rusumo na bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa hapo hapo forodhani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa na kupita bila kulipa ushuru wa forodha. Utaratibu huo una kasoro zake, na kila anayevuka anazijua, lakini upo. Mfanyabiashara huyo huyo akigunduliwa kuwa na saratani ya shingo ya kizazi akiwa Kampala, mutuelle aliyoilipia Kigali haimsaidii kitu.

Tiba ya saratani katika ukanda huu haijawahi kuwa ya nchi moja. Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, ilianzishwa mwaka 1967, na kwa miaka mingi wagonjwa wa Rwanda, Burundi na Kongo walipanda basi kuifuata tiba ya mionzi huko. Mwaka 2016 mashine yao ya kobalti, iliyonunuliwa miaka ya 1990, ikaharibika kabisa. Nchi nzima ilikuwa na hiyo moja tu. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400 kutoka Uganda. Ni jambo la kushukuru, ila hisani si mfumo. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018, na mwenye uvimbe hawezi kusubiri muda wote huo.

Rwanda nayo haikukaa tu. Mwaka 2011 ilianza kuwachanja wasichana shuleni dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za shingo ya kizazi. Mwaka 2012 kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa wilayani Burera, si mbali na mpaka wa Uganda. Mwaka 2019 tiba ya mionzi ikaanza katika hospitali ya jeshi, Kanombe. Sasa lengo ni kufikia mwaka 2027, miaka mitatu kabla ya tarehe ya Shirika la Afya Duniani, kiwango cha asilimia 90 ya wasichana waliochanjwa, 70 ya wanawake waliopimwa, na 90 ya waliokutwa na tatizo kutibiwa.

Nina wasiwasi na hiyo 70. Mama anayevuka mpaka alfajiri na kurudi jioni hayupo kijijini siku ya upimaji. Hata akipimwa, majibu yakitoka yuko Kabale au Katuna akisubiri mzigo. Kipimo cha HPV mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa dakika chache. Kwa nini kisiwepo kwenye soko la mpakani, majibu yakaja kwa simu? Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano inaheshimiwa kila mpaka. Kadi ya upimaji ingeweza kuheshimiwa vivyo hivyo.

Jumuiya yenyewe iligawa kazi zamani: Uganda ikapewa kituo cha umahiri wa saratani, Kenya figo, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba. Mgawanyo mzuri, lakini hakuna anayejenga soko la samaki kisha akasahau barabara ya kulifikia. Bima ya mgonjwa ndiyo barabara hiyo.

Wapo watakaosema jirani hategemeki, na wana hoja. Gatuna ulikuwa umefungwa kwa sehemu kubwa ya muda kati ya Februari 2019 na Januari 2022. Malori yalizunguka, nyanya zikaoza. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuandika haki ya mgonjwa katika sheria ya Jumuiya, isiachwe itegemee viongozi wanaelewanaje mwaka huo. Kifungu cha 118 cha Mkataba wa Jumuiya tayari kinazitaka nchi wanachama zioanishe sera za afya.

Gharama inaweza kuanza kidogo: ugonjwa mmoja, hospitali za rufaa chache, na raia wa Jumuiya atozwe bei anayotozwa mwenyeji. Mifuko ya bima ilipane baadaye, kama benki zinavyolipana.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani hukutana na maofisa wa forodha kujadili cheti na foleni. Kikao kijacho muulizeni ofisa wa afya naye aje, aeleze ni hospitali ipi ng'ambo inayopokea mutuelle.