Chaja Saba Kabatini

Sisi watu wa visiwa hatuhitaji kufundishwa thamani ya waya. Baina ya Mei na Juni mwaka 2008, kisiwa cha Unguja kilikaa gizani karibu mwezi mzima kwa sababu ya hitilafu katika njia moja tu ya umeme, ile inayopita chini ya bahari kutoka Bara. Kabla watu hawajasahau, balaa hilo lilirudi Desemba 2009, na mara hii umeme haukurejea mpaka Machi 2010. Maji yalikosekana mifereji, biashara ndogo zilisimama, na mwenye jenereta alilipa mafuta hadi mfuko ukatoboka. Baada ya hapo hatua zilichukuliwa. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa kwa waya kutoka Tanga, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100. Tulijifunza kwamba mwenye waya mmoja asijihesabu kuwa na umeme.

Leo tunapenda kuzungumzia waya mwingine, ambao urefu wake haupiti hatua mbili za mtu mzima. Nao ni waya wa chaja ya kompyuta mpakato. Wako watakaocheka na kusema kwamba safu hii imekosa la kuandika. Tunawaomba wavumilie kidogo, kisha wafungue makabati ya ofisi zao.

Sisi tumefungua la kwetu. Ndani yake tumekuta chaja saba zilizotupwa kama maiti zisizo na wenyewe. Tulipomwita fundi azikague, alituonyesha jambo lililotustaajabisha. Nyingi kati yake zilikuwa hazijafa. Kile kisanduku cheusi cheusi, chenye kazi ngumu ya kugeuza umeme wa ukutani uwe umeme unaofaa kompyuta, kilikuwa kizima. Kilichokufa ni waya, tena pahali pamoja: shingoni, pale unapotoka kwenye kisanduku, au pale unapokutana na kichwa kinachoingia katika kompyuta. Kwa ajili ya shaba isiyojaza kiganja, chaja nzima ilikuwa imehesabiwa kuwa taka, na nyingine saba zikanunuliwa kwa fedha ya kazi.

Hali ni hiyo hiyo nje ya ofisi. Mwalimu wa skuli anayeandaa matokeo ya mitihani huuegemeza waya kwa kitabu, akaupinda upande wa kushoto, akashusha pumzi taa inapowaka, kisha akawaamuru watoto wasipite karibu na meza. Mwanafunzi wa chuo huuzungushia tepu leo, na kesho akaongeza tepu juu ya tepu. Mwisho waya hukatika kabisa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Kwa mtu wa mjini hiyo ni safari ya kwenda Darajani. Kwa mtu wa Micheweni au Makunduchi ni nauli na siku nzima ya kazi. Na ikiwa chaja ya aina yake haipatikani hapa, basi ni kungoja mzigo uje kwa boti.

Kwa nini waya huu hufa mapema? Ndani ya ganda lake mna nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Kila unapokunjwa, nyuzi hizo huchoka, mfano wa kipande cha bati kinachopindwa huku na huku. Uzi mmoja ukikatika, uliobaki hubeba mzigo wa mwenzake. Wahenga walisema bandu bandu humaliza gogo, na hapa gogo lenyewe ni jembamba tangu mwanzo. Mahali panapoumia zaidi ni pale kitu laini kinapoingia katika kitu kigumu, kwa sababu mkunjo wote hukusanyika hapo. Watengenezaji wanalijua hilo fika. Ndiyo maana huweka shingoni kipande cha mpira cha kuugawa mkunjo. Kipande hicho kikiwa kirefu na chenye kupindika, waya huishi. Kikiwa kifupi au kigumu, hakifanyi kazi ila kuusogeza mkunjo mbele kidogo, na waya ukakatika hapo badala ya hapa.

Wala hili si jambo la hasara peke yake. Chaja ya kawaida ya wati 65 hutoa umeme wa volti 20, yaani ampea 3.25. Mkondo huo ukilazimika kupita katika nyuzi chache zilizosalia, mahali hapo hupata joto, ganda huanza kulegea, na nyuzi za pande mbili zikigusana hutoa cheche. Hapa kwetu iko na chumvi. Ganda likishapasuka, hewa ya bahari huingia ndani na shaba ikaota kutu ya kijani.

Asije mtu akadhani kwamba malalamiko haya ni ya masikini wasiojua kutunza vitu. Nchini Marekani, wanunuzi waliishitaki kampuni ya Apple wakidai kwamba nyaya za baadhi ya chaja zake za wati 60 na 85 zilikuwa zikichanika na kukatika mapema. Kampuni haikukiri kosa, lakini mwaka 2011 ilikubali mapatano ya kuwarudishia waliohusika fedha, hadi dola 79 kwa mtu ambaye chaja yake iliharibika katika mwaka wa kwanza. Agosti 2014 kampuni ya HP iliita irudishwe aina moja ya nyaya za umeme za kompyuta zake, zaidi ya milioni 5 nchini Marekani, kwa kuwa ziliweza kupata joto na kuunguza. Januari 2016 Microsoft nayo iliita nyaya zake zipatazo milioni 2 na robo nchini humo, ikieleza kwamba zikizongwa kwa kukazwa, zikisokotwa au zikibanwa kwa muda mrefu, ziliweza kupata joto la hatari.

Tuyazingatie mambo mawili katika habari hizo. La kwanza, makampuni makubwa yenye wataalamu wengi yaliuza nyaya zilizokuwa na kasoro. La pili, kasoro hizo zilishughulikiwa pale palipokuwa na sheria, mahakama na chombo cha umma kinachopokea malalamiko na kuyahesabu. Waya uliokatikia Chake Chake hauhesabiwi na mtu. Hutupwa jalalani, na mwenyewe akajilaumu.

Je, waya hufanywa ufe mapema kwa makusudi? Historia inatukataza kuwa wepesi wa kumwamini kila mfanyabiashara. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu za umeme yalikutana Geneva yakaunda umoja ulioitwa Phoebus. Pamoja na kugawana masoko, umoja huo uliweka kwamba balbu ya kawaida iwake saa 1,000 tu, na aliyetengeneza balbu za kuishi zaidi alitozwa faini. Kuhusu nyaya za chaja hatuna ushahidi wa mapatano ya namna hiyo, na si adili kumzulia mtu. Insafu pia inatutaka tukiri kwamba sisi wanunuzi tunapenda waya mwembamba, mwepesi, unaokunjika mkobani, na mambo hayo yana gharama yake. Lakini hatuhitaji ushahidi wa njama ili kuona jambo lililo wazi. Waya unapogandishwa katika kisanduku usiweze kuchomolewa, anayeuza hana hasara waya ukifa. Kinyume chake, kifo cha waya wa bei ndogo humpatia mauzo ya chaja nzima. Hapo ndipo penye unyonyaji.

Na mwananchi akikimbilia bei rahisi huangukia mikononi mwa walanguzi wengine. Ziko nyaya ambazo ndani si shaba bali ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukizikwangua kwa kisu, weupe hujitokeza. Alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, na ikikunjwa mara kwa mara hukatika upesi zaidi. Tena ziko plagi za miguu mitatu, za aina tunayotumia hapa, ambazo kwa desturi yake hutakiwa kuwa na fyuzi ndani, lakini za bandia hazina. Mwenye kuuza bidhaa hiyo hana tofauti na mwenye kupunja mizani sokoni, ila huyu wa plagi anaweza kuunguza na nyumba.

Kisha taka zake zinabaki kwetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2022, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nyaya zikichomwa ili kutoa shaba, plastiki yake hutoa moshi wenye sumu. Kisiwa hakina mahali pa mbali pa kutupia taka. Kila jalala liko karibu na kisima cha mtu au ufuko wa mtu.

Wenzetu wa Ulaya wamechukua hatua inayofaa kuangaliwa. Kwa agizo lililopitishwa mwaka 2022, Umoja wa Ulaya uliamua kwamba simu na vifaa vingine vidogo vinavyouzwa katika nchi zake vitumie tundu la aina moja la kuchajia, liitwalo USB-C, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Kwa kompyuta mpakato tarehe iliyowekwa ni 28 Aprili 2026. Wengi wameisifu hatua hiyo kwa sababu ya kupunguza wingi wa aina za chaja. Sisi tunaona faida nyingine. Tundu likiwa moja, waya huweza kuwa kitu cha peke yake, chenye kuchomolewa pande zote mbili. Nao utachoka, maana hakuna waya usiochoka. Lakini ukichoka utabadilishwa wenyewe, na kisanduku kikaendelea na kazi. Jambo la kuangalia ni uwezo wake tu. Waya wa kawaida wa aina hiyo hubeba hadi wati 60, na kompyuta inayohitaji zaidi ya hapo hutaka waya uliotengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa tunawageukia viongozi na watendaji wa Serikali. Mnunuzi mkubwa wa kompyuta katika visiwa hivi ni Serikali yenyewe, kwa ajili ya wizara, skuli, hospitali na mabaraza ya miji. Mnunuzi mkubwa ana sauti. Hakuna haja ya kungoja sheria mpya wala mkutano wa kimataifa. Yatosha kila zabuni ya kompyuta iongezwe masharti matatu: kwamba waya wa chaja uwe wa kuchomolewa pande zote, kwamba kila kompyuta ije na waya wa akiba, na kwamba dhamana ya muuzaji iutaje waya kwa jina, si kompyuta peke yake. Muuzaji asiyekubali, na aende akauze kwingine.

Taasisi ya Viwango ya Zanzibar iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili mwananchi asiuziwe kitu kisichofaa. Tunapendekeza kwamba chaja na nyaya ziwekwe miongoni mwa bidhaa zinazopasuliwa na kuangaliwa ndani, shaba yake na fyuzi yake, kabla hazijatoka bandarini. Vyuo vya mafunzo ya amali navyo viwafundishe vijana kukata shingo iliyokufa, kulehemu waya mpya na kuifunga kazi hiyo kwa usalama. Fundi wa aina hiyo huokoa fedha za kigeni na hupata riziki yake hapa hapa. Na kila ofisi, kabla haijaandika hati ya kununua chaja mpya, ilazimike kuonyesha kwamba ile ya zamani imekaguliwa na fundi.

Hatuwezi kumaliza bila ya kujisahihisha sisi wenyewe. Wako watumishi wanaoivuta plagi kwa kuushika waya badala ya kichwa, wanaouzongea waya kwenye kisanduku kwa kuukaza kama kamba ya ng'ombe, na wanaopitisha mguu wa kiti juu yake mchana kutwa. Cha umma kimekuwa cha kuonewa. Waya ukunjwe kwa duara pana lililolegea, ushikwe kichwa unapochomolewa, na ukianza kuonyesha weupe shingoni upelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaka 2008 taifa zima lilitambua kwamba waya unaweza kusimamisha kisiwa, na fedha zikapatikana. Waya wa mwalimu wa Micheweni hausimamishi kisiwa. Husimamisha darasa moja, hesabu za zahanati moja, barua za sheha mmoja. Yakijumlishwa yote hayo kwa mwaka, ni kazi nyingi iliyolala na fedha nyingi iliyotoka nje bila ya sababu. Mwaka mpya wa fedha unapokaribia na zabuni zinaandikwa, tunawaomba wanaohusika wayatie masharti yale matatu ndani yake. Ni mistari mitatu tu ya maandishi, na sisi tutakuwa wa kwanza kuuliza kama imeandikwa.