Dawa ya maji ina masharti yake

Tana inapofurika, kama ilivyofurika 2023, watu wa Golbanti wanahitaji klorini ya kutibu maji. Lakini kugawa dawa bila maelezo ni kazi nusu.

Klorini ikiingia majini hukaa kwa namna mbili: asidi inayoua viini upesi, na ioni ya asidi hiyo, ambayo ni dhaifu zaidi. Kinachoamua ni uchachu wa maji. Katika pH ya 6.5, asidi huwa karibu asilimia 90. Ikipanda hadi 8.5, ioni ndiyo hufikia asilimia 90, na dawa huua viini polepole zaidi.

Kwa hivyo ukisugua mtungi kwa majivu, usuze vizuri kabla ya kutia maji, kwani majivu hupandisha pH. Wala usikamulie ndimu kwenye chupa ya dawa: itatoa gesi ya sumu.

Maji ya matope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa, kisha ungoje nusu saa.

Maafisa wa afya wafundishe haya siku ile ile ya kugawa dawa, si baada ya kipindupindu kuingia.