Usiuze Hiyo Springi kwa Kilo

Watu wangu, leo sina video. Nina maneno tu, na naomba mnisome mpaka mwisho, maana hii kitu imenikaa kifuani tangu Jumamosi.

Nilikuwa pale Kalokol mahali wanapimia vyuma chakavu. Wakaja vijana wawili, wadogo kuliko mdogo wangu, na gunia mgongoni. Ndani kulikuwa na mabati yaliyooza, sufuria lililotoboka, tupa tatu kuukuu, na kipande cha springi ya lori kirefu kama mkono wangu. Mnunuzi akarusha kila kitu kwenye mzani mmoja, akalipa bei moja. Mimi nikazinunua zile tupa na springi hapo hapo, mara mbili ya bei aliyowalipa wale watoto. Akanicheka sana.

Wacha acheke. Skizeni kwa nini nilinunua.

Mnajua mimi nakereza mbao. Mashine yangu nimeiunda kwa fremu ya baiskeli: mdogo wangu anakanyaga pedali, mimi nashika patasi. Mti wangu ni mathenge, huu huu ambao kila mtu huku anaulaani kwa sababu ya miiba na kufunga njia za mifugo. Lakini shina lake lililokomaa ni zito na gumu, na ukilikereza vizuri bakuli linang'aa lenyewe. Shida ni kwamba ugumu huo unakula makali. Seti ya bei rahisi niliyoagiza ilikunjika siku ya kwanza. Patasi za maana zipo, lakini ukiongeza nauli ya Nairobi mpaka Lodwar, kisha Lodwar mpaka huku, hiyo ni bei ya mbuzi.

Nikasema nitaunda zangu. Nikaanza na kipande cha chuma cha ujenzi. Nilikichoma mpaka kikawa chekundu, nikakizamisha kwenye maji, nikanoa. Kilikata dakika moja, kikalala. Kumbe chuma laini hakina kaboni ya kutosha, na hata ukichome mara mia hakitashika ugumu.

Halafu nikachukua tupa. Tupa ina kaboni nyingi, karibu asilimia moja, ndiyo maana inakwaruza chuma kingine. Nikainoa vile ilivyo, nikaiweka kwenye mti unaozunguka. Ilivunjika kama glasi. Kipande kilipita hapa shavuni, chini kidogo ya jicho. Hiyo kovu mnayoniuliza kila siku ndiyo hiyo. Kosa lilikuwa langu: chuma kigumu kupita kiasi hakivumilii kugongwa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayetengeneza visu. Mnaijua abarait, kile kisu cha Waturkana kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono, makali yamefunikwa kwa ngozi. Nilidhani nitamfundisha yeye nilichosoma kwa simu. Akanitazama shavu, akasema, "Kijana wangu, chuma unakiuliza kwanza, ndiyo unakipiga."

Kukiuliza ni hivi. Ukikisugua kwenye grenda, chuma laini kinatoa cheche ndefu, zimenyooka. Chuma cha springi kinatoa cheche zinazopasuka kama vinyota, na tupa inapasuka zaidi. Kama huna grenda, choma ncha, izamishe, kisha ijaribu kwa tupa nzima. Tupa ikiteleza bila kukwaruza, hicho ni chuma cha kazi.

Springi ina kaboni kama asilimia 0.6. Inashika makali, na pia inavumilia kishindo, si ndiyo kazi yake chini ya lori? Tunaifua ikiwa nyekundu. Baadaye tunaipasha tena mpaka sumaku ya spika kuukuu isiishike, karibu digrii 770, tunaizamisha kwenye mafuta ya vuguvugu. Hapo ni ngumu lakini inavunjika. Kwa hiyo unaing'arisha, unaipasha pole pole mpaka ipate rangi ya nyasi kavu, kama digrii 220, unaacha ipoe. Ikifika bluu umepitiliza, makali yatakuwa laini. Na tupa kuukuu ukiipasha hivyo hivyo inapunguza ule ukali wa kuvunjika, lakini mimi kwa kukereza siiamini tena. Natengenezea visu vidogo tu.

Makaa tunayotumia ni ya mathenge. Mathenge inapika chuma kitakachokata mathenge.

Onyo kabla hujakimbia: mabati usiyaweke motoni, moshi wa zinki ni sumu. Shokamzoba iliyofungwa usiichome kabisa, inaweza kulipuka. Na vaa miwani. Nitazame shavu.

Sasa hoja yangu. Barabara ya Kitale mpaka Lodwar na Kakuma ilivunja springi za malori miaka na miaka. Hicho ndicho kitu kizuri pekee ile barabara mbovu ilituachia, na sisi tunakipakia kwenye lori kwa kilo, kiende kuyeyushwa, kirudi kama chuma cha ujenzi kisichoweza kukata hata ugali. Wazee wetu walikuwa wakitoa mifugo kupata chuma kutoka kwa Walabwor kule Uganda. Sisi kimeletwa mpaka mlangoni, na tunakilipia bei ya sufuria lililotoboka.

Najua mtakachosema. Yule mtoto ana njaa leo, hawezi kungoja nijifunze kufua. Ni kweli, na sitaki marufuku. Tuliiona ile ya Januari 2022, biashara yote ya vyuma chakavu ikafungwa miezi kadhaa, na aliyelala njaa hakuwa mwizi wa nyaya za umeme. Ninachotaka ni mizani miwili. Springi, tupa na beringi ziwekwe kando, zilipwe zaidi, na mafundi wa hapa wawe wa kwanza kuulizwa. Mtoto anapata zaidi, fundi anapata chuma, mnunuzi hapotezi kitu. Kama mnunuzi hataki, tuanze sisi mafundi: mimi nimeanza.

Kiwanda cha samaki cha pesa za Norway kiko hapo tunakipita kila siku. Kilikuja kikiwa kamili, na gharama ya kugandisha samaki ikashinda thamani ya samaki. Sisemi msaada ni mbaya. Nasema kitu ambacho mikono ya hapa inaweza kukiunda na kukinoa upya hakifungwi.

Wale vijana wawili nimewaambia wakipata springi nyingine waniletee mimi kwanza. Jana jioni mmoja alikuja mikono mitupu. Alitaka tu kuona cheche.